Siku Shemeji Alipoacha Kulaumu Chakula

Hofu iliniingia siku shemeji yangu aliposifu ugali mbichi.

Tulikuwa tumeketi watatu: yeye, dada yangu mkubwa ambaye ni mke wake, na mimi, katika mkahawa wa Mkenya mwenzetu kaskazini mwa Dallas, ule ulio kati ya saluni ya kucha na duka la matairi. Ugali uliletwa ukiwa mweupe, umevimba vizuri, unatoa mvuke. Nikaumega. Ndani ulikuwa na unga mkavu, ule unaonata kwenye kaakaa na kumkumbusha mtu bweni la shule. Niliweka tonge langu kando ya sahani nikamtazama shemeji, nikingoja radi ipige. Shemeji alimega, akachovya kwenye mchuzi, akatafuna, akameza. Kisha akamega tena.

"Iko sawa tu," akasema. "Wamepika vizuri."

Asiyemjua shemeji yangu hawezi kuelewa kwa nini mgongo ulinisisimka. Ni dereva wa lori, mtu mkubwa wa mwili, na kuanzia Dallas hadi Fort Worth hakuna mpishi wa Afrika Mashariki asiyeujua ulimi wake. Kabla ya kula alikuwa akiinamisha kichwa juu ya sahani na kunusa, macho ameyafumba, mpaka wahudumu wageni wakadhani anasali. Kwa kunusa tu alikuambia kama nyama ya mbuzi ililala sana kwenye friza, kama kitunguu kiliungua kabla ya nyanya kutiwa, kama sukuma wiki ni ya leo au imepashwa moto. Wala hakuyasema kwa kunong'ona. Sisi wengine tulilelewa kwamba chakula cha mtu hakitiwi kasoro mbele yake. Unakula, unashukuru, halafu kesi inasikilizwa ndani ya gari mkirudi nyumbani. Shemeji alisikiliza kesi palepale mezani, mpishi akiwa ameitwa kutoka jikoni na taulo begani. Alisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba mikahawa yetu huku Texas imeharibiwa na adabu za wateja.

Mimi nilimpenda kwa hilo. Sina uvumilivu na chakula kibaya, na kwa kuwa nilizaliwa mwanamke na nikafunzwa heshima, nilihitaji mtu wa kuyasema yaliyokuwa yakiniwasha kooni. Jumamosi zetu zilikuwa raha tupu kwangu.

Dada hakuona raha yoyote. Hizo Jumamosi za kula nje zilianza kwa sababu yake, na si kwa furaha. Zamani alikuwa akimpikia mumewe kila siku, na kila siku chakula kilikuwa na neno. Siku moja, mbele ya wageni wa kanisani, shemeji alisema chapati za mkewe zingefaa kuzibia mashimo barabarani. Watu walicheka. Dada naye alicheka, akaenda jikoni kuleta chai. Kesho yake alifunga kifimbo cha chapati kwenye mfuko, akakitupia juu kabisa ya kabati, na hakumpikia tena. Kama ni kulaumu, alisema, akawalaumu wanaolipwa.

Kwa hiyo siku ile ya ugali mbichi dada alitabasamu. Tulipoingia garini nikajaribu kufungua kesi kama ilivyo desturi.

"Shem, ule ugali ulikuwa unga mtupu."

"Mimi sikuona shida," akasema, akigeuza gari polepole.

"Si umwache?" dada akaniambia. "Watu hubadilika."

Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu la pili nililiona Haltom City. Huko kuna mama mmoja Mrundi mwenye mkahawa mdogo karibu na mahali pa kufulia nguo, na wateja wake wengi ni watu wa maghala wanaokuja wakitoka kazini. Anapika maharagwe, ndizi, sombe ya majani ya muhogo, na dagaa wao wanaowaita ndagala, na mkono wake ni mzuri sana. Mama huyu alikuwa na mazoea ya kusimama kwenye mlango wa jikoni shemeji anapoanza kula, akifuta mikono, akingoja hukumu. Akipata lawama aliipokea, akarudi kurekebisha. Nadhani alimheshimu kuliko wote waliomwambia kitamu, kitamu, na kuacha nusu ya sahani.

Siku hiyo harufu ya kuungua ilitupokea tungali tukiegesha gari. Mama mwenyewe alitufuata mezani kabla hatujaagiza.

"Mutanisamehe," akasema. "Nilikuwa kwa simu, maharagwe ikaungua chini. Harufu iko kila fasi."

Shemeji aliinua kichwa. "Harufu gani?"

Mama alicheka, akidhani anataniwa. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona uso wa shemeji. Hakuwa akitania. Alikuwa ameketi katikati ya moshi uliokuwa ukinitoa machozi, akiuliza kwa upole ni harufu gani. Aliagiza maharagwe hayohayo. Akala yote, akapangusa sahani, akasema, "Asante mama, chakula kitamu."

Tulipokuwa tukitoka, mama alinishika mkono. "Amenikasirikia?" akauliza. "Umwambie anisemeshe vibaya kama zamani. Hivi ananiogopesha."

Ningependa kusema nilijua palepale. Sikujua, ila nilianza kuhesabu mambo kichwani, kama tunavyofanya kazini. Mimi ni nesi, na wodi yangu ni ya wagonjwa wa kichwa: waliopigwa na kiharusi, waliopasuliwa, waliokuja wenyewe kwa miguu yao wakilalamika kuumwa kidogo tu. Nilimsogelea shemeji pale nje.

"Una mafua, shem?"

"Hapana."

"Na since lini husikii harufu?"

Alifikiri, kama mtu aliyeulizwa habari za jirani asiyemfahamu vizuri. "Sijui," akasema. "Sijali sana."

Pua ilinitia wasiwasi. Hilo la kutojali ndilo lililonitisha. Mtu huyu aliwahi kuendesha gari kutoka Fort Worth mpaka ng'ambo ya Dallas kurudisha samosa zilizokosa pilipili, na sasa ulimwengu wote ulikuwa umepoteza harufu na yeye hakuona sababu ya kuuliza.

Wakati huohuo nyumbani kwao kulikuwa na sherehe. Dada alikishusha kifimbo cha chapati. Akaanza kupika tena, kwanza kwa woga, baadaye kwa mbwembwe: pilau, matoke, kuku wa nazi, vitu ambavyo hakuwa amevigusa miaka mingi. Shemeji alikula kila kitu na kusema ni kizuri. Dada alinenepa kidogo, akaanza kuimba akiosha vyombo. Ukimwona ungesema ameolewa upya.

Jumapili moja akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Kanisa letu ni la Wakenya, na ushuhuda ukianza watu hukaa vizuri kwenye viti. Alisema ameuombea ulimi wa mume wake tangu waoane. Alisema kwamba wanawake wenzake waliokuwa wakimcheka wamtazame sasa, kwa kuwa simba amekuwa kondoo. Watu walipiga makofi mpaka watoto waliosinzia wakaamka. Mchungaji akamwita shemeji mbele aseme neno.

Shemeji alisimama, akatutazama, akatabasamu. "Chakula ni kizuri," akasema.

Kanisa zima liliangua kicheko na kumshukuru Mungu. Mimi sikucheka. Niliona vifungo vya shati lake vimekosewa, cha juu kimeingia tundu la pili, yeye ambaye hakuwahi kumwachia mtu kazi ya kupiga pasi kola yake. Niliona pia kwamba watu walipokwisha kuketi na wimbo mwingine kuanza, tabasamu lile lilikuwa bado usoni, halimhusu mtu yeyote. Mchungaji alimshika kiwiko akamrudisha kitini. Niliogopa, na nikaona aibu kuogopa kitu ambacho kila mtu alikuwa akikiita muujiza.

Kisha tukaenda Houston. Mtoto wa binamu yetu alikuwa akihitimu chuo, na shemeji ndiye aliyeshika usukani. Mimi nilikaa nyuma. Njia ile anaijua. Ameipita na lori kuliko mimi nilivyopita mlango wa nyumba yangu. Tulipokaribia mji, dada akamwambia atoke barabara kuu. "Sawa," akasema, akaendelea moja kwa moja. "Umeipita," dada akasema. "Sawa." Akaipita na iliyofuata. Dada alicheka na kumgusa bega, akasema ameanza kuzeeka. Tulipotoka hatimaye, taa ilikuwa ya kijani na shemeji akasimama. Magari ya nyuma yakapiga honi, moja likatupita likitutukana. Yeye alitazama mbele, mikono imetulia, kama mtu aliyekaa kwenye sebule yake. Jumatatu mtu huyo angepanda lori lililojaa mizigo na kushika barabara ileile.

Mchana huo, kabla ya sherehe, tuliingia mkahawa wa Mswahili mmoja upande wa kusini magharibi mwa Houston. Ni mahali pa meza chache, mishikaki inachomwa nyuma ya jengo, na kahawa ya unga imewekwa mezani kwenye kikopo ili mtu ajikorogee mwenyewe. Niliamua sitangoja tena.

"Shem, tucheze," nikasema. "Funga macho."

Alifunga mara moja. Hata hilo liliniuma, kwa kuwa yule wa zamani angeniuliza mimi ni mtoto wa darasa la ngapi. Nilifungua kikopo cha kahawa nikakiweka chini ya pua yake. Sikutumia kitunguu wala pilipili, maana hivyo huchoma pua hata iliyokufa. Kahawa haichomi. Ama unaisikia ama huisikii.

"Nimeshika nini?"

"Hujashika kitu," akasema.

Nikampa kipande cha ndimu nilichokipasua kwa kucha. Akasema vilevile, macho bado amefunga, ametulia, akingoja aambiwe ayafungue. Dada aliweka kijiko chini.

"Umeanza ku-diagnose watu mezani?"

"Dada, huyu mtu ni mgonjwa."

Alinyanyuka akanivuta mpaka nje, kwenye maegesho, jua likituchoma utosini. Sijawahi kumwona na hasira ya namna ile, iliyopoa, bila sauti.

"Wewe ulipenda vile alikuwa," akasema. "Ulikuwa unakuja kila Saturday kucheka. Mimi ndio nilikuwa narudi naye kwa nyumba. Sasa Mungu amenipa mtu anakula chakula yangu anasema asante, na wewe unataka kuniambia ni ugonjwa."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Basi kitamuumbua. Wacha nikae naye hivi kidogo."

Alisema hivyo, na nadhani alijisikia akisema, maana aligeuza uso akatazama magari. Hakuyafuta maneno yake. Nikajua hapo kwamba alikuwa ameshaona kila kitu nilichokiona, labda kabla yangu, na kwamba nilichokuwa nikishindana nacho hakikuwa ujinga.

Nilimwomba shemeji funguo za gari, na tuliporudi Fort Worth nikamwomba za lori. Alinipa zote bila kuuliza. Nilimwambia apige simu kazini aombe likizo, akapiga, akaomba. Kwa hilo angalau nililala. Lakini nilipojaribu kumpeleka kwa daktari, dada alisimama mlangoni akasema nikimpeleka bila yeye nisimwite dada tena. Shemeji alikuwa nyuma yake, koti mkononi kwa sababu nilimwambia achukue koti. Dada alimwambia alirudishe. Akalirudisha.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwangu. Kazini nilikuwa nikiwageuza wagonjwa na kuona uso wake kwenye kila mto. Nilijua kuna kitu kinakua nyuma ya kipaji cha uso wake, na kwamba kila siku dada alikuwa akikipikia. Nilimtumia ujumbe, hakujibu. Nilipita nyumbani kwao mara moja nikamkuta shemeji ameketi barazani, mkojo umemlowesha suruali, akinisalimia kwa furaha. Dada alitoka haraka akamwingiza ndani bila kunitazama.

Halafu akanipigia simu, saa ya chakula cha mchana. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Nimempikia pilau," akasema. "Lakini sijaweka bizari, sijaweka kitunguu saumu, hakuna kitu. Ni mchele tu nimeupaka rangi na sukari iliyoungua. Amesema inanukia mpaka nje."

Nilisukuma sahani yangu kando.

"Alinusa kwanza," dada akaendelea. "Aliinama akanusa, vile alikuwa ananusa. Akaniangalia akasema inanukia." Nilisikia akivuta pumzi. "Alikuwa anajaribu kunifurahisha, ama hajui? Niambie wewe nesi."

"Sijui, dada."

"Kuja umchukue."

Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe mkubwa kuliko ndimu, umekaa katikati, juu ya pua, umeusukuma ubongo nyuma. Daktari alisema si saratani, na kwamba ulianza polepole miaka mingi iliyopita. Ukiachwa, macho yangefuata pua, kisha angeanza kuanguka kifafa, kisha mwisho. Ukiondolewa, harufu isingerudi, lakini mwenyewe alikuwa na nafasi nzuri ya kurudi.

"Arudi vipi?" dada akauliza kwa Kiingereza.

"Kama alivyokuwa," daktari akajibu, akitabasamu, kama mtu anayempa mwenzake zawadi.

Dada alitazama mikono yake kwa muda. Nilimwogopa dada yangu kwa muda huo, sitaficha. Kisha akasema wamfanyie.

Upasuaji ulikuwa Houston, kwa bingwa wa mambo hayo, tukafikia kwa binamu. Siku iliyotangulia dada aliamka akapika tangu asubuhi, akakataa msaada wangu na wa binamu. Alipika kuku, matoke, sombe alilojifunza kwa yule mama wa Haltom City. Mchana akamwandalia mumewe peke yake, akaketi mkabala naye, mimi nikiwa jikoni nikiwaona kupitia mlango. Alimtazama kila tonge mpaka lilipoisha.

"Ni kizuri," shemeji akasema.

"Sema tena."

"Ni kizuri."

"Tena."

Akasema tena, kwa upole uleule, na angesema mpaka usiku kama angeombwa. Dada alimpangusa mdomo kwa kiganja chake, akaacha kiganja hapo shavuni.

Upasuaji ulichukua siku nzima na ulikwenda vizuri. Kwa siku kadhaa shemeji alikuwa mtu wa kulala na kuguna. Dada hakuondoka. Alitafuta unga wa wimbi kwenye maduka ya Waafrika, akawa anampikia uji kwa binamu na kumletea kwenye chupa ya chai, akimlisha kijiko kwa kijiko, naye akimeza bila neno. Kila nilipoingia chumbani nilimtazama dada kabla ya kumtazama mgonjwa.

Asubuhi moja tukamkuta amekaa, mito nyuma, bendeji kichwani, macho makali. Aliniita shem, akauliza lori lake liko wapi na nani alinipa ruhusa ya kuchukua funguo zake. Nililia. Dada alimimina uji kwenye bakuli akampa. Shemeji aliinama juu yake akanusa kwa muda mrefu. Hakuna kilichomfikia, nililiona hilo usoni mwake, na nikamhurumia. Basi akachukua kijiko, akauinua uji juu na kuuacha udondoke, akautazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Uji una madonge," akasema. "Miaka hii yote, mtu hajui kukoroga uji?"

Nilicheka huku nikilia. Sikuweza kujizuia, nilikuwa nimemzika mtu huyu moyoni, na sasa alikuwa ameketi hapo akilaumu. Nilimkumbatia dada kwa nguvu. Mwili wake ulikuwa mgumu mikononi mwangu. Alijitoa taratibu, akachukua bakuli kutoka kwa mumewe, akalifunika.

"Wewe umerudishiwa shemeji yako," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mimi nimefiwa."

Akaenda kwenye sinki la chumba kile, akamwaga uji, akaanza kuosha bakuli.